Sauti zimeisha ila kichwa hakishiki: nimnunulie dawa ya wazee wanaosahau?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, nalifupisha: "Shikamoo dokta. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, aligundulika na skizofrenia akiwa chuo mwaka wa pili. Anachoma sindano ya Modecate kila mwezi na anakunywa Artane asubuhi na jioni, usiku tunampa na Phenergan alale. Zile sauti zimeisha kabisa, tunamshukuru Mungu. Tatizo ni kichwa. Ukimtuma dukani vitu vitatu anarudi na kimoja, akisoma ukurasa akifika chini hajui juu kulikuwa na nini, mpira anaangalia ila hawezi kukusimulia. Nimesoma mtandaoni kuna dawa za magonjwa mengine wanawapa wagonjwa wa skizofrenia zinarudisha akili, wametaja donepezil ya wazee, modafinil, na antibayotiki fulani. Kijana wa duka la dawa amesema donepezil anaweza kuniagizia. Nimnunulie?"

Marahaba dada yangu, na pole sana na kuuguza. Naanza na la haraka maana huyo kijana wa duka la dawa anasubiri jibu: usinunue. Hiyo hela iweke kwanza. Sababu nakueleza vizuri hapa chini, ila nataka uone jambo moja mapema, kwenye meseji yako mwenyewe umetaja dawa mbili ambazo inawezekana kabisa ndo zinachangia mdogo wako kusahau, kwa hiyo kabla hatujafikiria dawa ya kuongeza inabidi tuangalie ya kupunguza.

Kwanza nikutoe wasiwasi kwamba hujamsingizia. Watu wengi wakisikia skizofrenia wanafikiria sauti na kuhisi watu wanamfuatilia tu, hizo zikiisha familia inategemea arudi alivyokuwa, asiporudi wanasema mvivu, anadeka, ameshazoea kukaa. Siyo uvivu. Ugonjwa huu una upande mwingine ambao ni uwezo wa kufikiri: umakini, kasi ya kuchakata jambo, kujifunza kwa kusikia, kushikilia kitu kichwani huku unakifanyia kazi, kupanga, hata kusoma sura na hisia za watu. Kwa wengi unaanza kulegea kabla hata ya sauti hazijaja, ndo maana ukiuliza walimu wake wanaweza kukwambia maksi zilianza kushuka muhula mmoja au miwili kabla. Na huo ndo upande unaoamua kwa kiasi kikubwa kama mtu atarudi kazini au chuoni, kuliko hata zile sauti zenyewe.

Kipimo kimoja kinachotumika duniani kwenye tafiti hizi kiko hivi: unasomewa maneno 12, unaulizwa uliyoyakumbuka, unasomewa yale yale tena, unaulizwa tena, mara tatu. Mtu wa kawaida kila raundi anaongeza. Wagonjwa wengi wanaongeza kidogo mno, ukimwangalia unaona anajitahidi, jasho linamtoka, maneno hayakai. Sasa fikiria huyo ndo unamtuma chumvi, kiberiti na nyanya, na njiani kuna bodaboda na rafiki kamsalimia.

Na dawa tulizonazo, zote za sindano na vidonge, zinaziba kemikali ya ubongo inayoitwa dopamini. Kwa sauti na hofu zinafanya kazi nzuri, mdogo wako ni ushahidi. Kwa kumbukumbu hazisaidii kitu cha maana, na dozi ikiwa kubwa mno zinazidi kumfanya awe mzito. Mpaka sasa hivi hamna dawa hata moja duniani iliyosajiliwa maalumu kwa ajili ya tatizo la kufikiri kwenye skizofrenia. Si kwamba hawajatafuta. Wametafuta miaka zaidi ya ishirini, makampuni makubwa yametumia hela nyingi, na dawa mpya zimeanguka moja baada ya nyingine, mojawapo ya za karibuni ni iclepertin ya Boehringer Ingelheim ambayo ilifeli kwenye majaribio ya hatua ya mwisho, matokeo yakatangazwa Januari 2025.

Ndo maana watafiti wakageukia dawa za zamani, zile ambazo zipo tayari, usalama wake unajulikana, bei imeshashuka, wakaanza kuuliza je hii ya moyo, hii ya sukari, hii ya TB, inaweza kupewa kazi nyingine? Wazo ni zuri na halijaanza leo. Largactil yenyewe, ambayo wazazi wetu wote waliouguza wanaijua, ilitoka kwenye familia ya dawa za aleji, daktari wa upasuaji wa Ufaransa Henri Laborit akaitumia kutuliza wagonjwa wake wa upasuaji, akaona wanakuwa watulivu kwa namna ya ajabu, mwaka 1952 Delay na Deniker wakaijaribu kwa wagonjwa wa akili pale Paris, na tiba ya akili ikabadilika dunia nzima. Kwa hiyo mtu akikwambia dawa haiwezi kuhamishwa kazi, mwambie hii taaluma nzima imeanzia hapo hapo.

Sasa tuje kwa hizo ulizosoma.

Donepezil. Hii inazuia kemikali ya ubongo inayoitwa asetilikolini isivunjwe, kwa hiyo inabaki nyingi. Wazee wenye Alzheimer wanapata nafuu kidogo. Mantiki ya kuijaribu kwenye skizofrenia ilikuwa sawa tu, na tafiti ndogo za mwanzo zilitia moyo. Ila ukaja utafiti mkubwa zaidi Marekani, ukachapishwa 2008, wagonjwa kama 250, nusu donepezil nusu kidonge kitupu kisicho na dawa, wiki 12. Wote walipanda maksi kwenye vipimo! Waliokunywa kidonge kitupu nao walipanda, donepezil haikuwashinda. Hapo ndo pana somo kubwa kwa yeyote anayesoma habari hizi mtandaoni: mtu akifanya mtihani ule ule mara ya pili na ya tatu anauzoea, anapata zaidi, kwa hiyo ukisoma "wagonjwa waliopewa dawa fulani kumbukumbu yao iliongezeka" uliza hapo hapo, je waliopewa kidonge kitupu iliongezeka kiasi gani? Kama habari haisemi basi hujaambiwa kitu. Na donepezil inaleta kichefuchefu, kuharisha, inaweza kupunguza mapigo ya moyo. Si peremende.

Modafinil ni dawa ya watu wanaosinzia ovyo kwa ugonjwa. Inamfanya mtu awe macho, hilo ni kweli, na tafiti chache za dozi moja zilionyesha vitu kadhaa vizuri, ila zikitumika kwa wiki nyingi matokeo hayaeleweki, mara yapo mara hayapo, na kwa baadhi ya watu inaamsha tena dalili za ugonjwa. Mdogo wako ametulia, huo utulivu mmeupata kwa shida, mimi siwezi kuuweka rehani kwa ajili ya hiyo.

Antibayotiki uliyoisoma bila shaka ni minocycline. Hii inaniuma kidogo maana ilianza vizuri mno: Israel matokeo mazuri, Pakistan na Brazil matokeo mazuri, watu wakaamini kabisa kwamba inatuliza uvimbe wa ndani ya ubongo. Uingereza wakaamua kufanya utafiti wa kumaliza ubishi, wagonjwa 207 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga, wakafuatiliwa mwaka mzima, wakapigwa na picha za ubongo. Matokeo ya 2018: hamna tofauti. Si kwenye dalili, si kwenye kufikiri, si kwenye picha. Kumpa kijana antibayotiki mwaka mzima bila faida, wakati tunalia na usugu wa dawa, haikubaliki.

Kuna na ya TB, hii hukuitaja ila wengine wataiona. Cycloserine, wanayopewa wenye TB sugu. Ilitazamwa kwa sababu ketamine, ile ya usingizi wa upasuaji, inaziba kipokezi fulani cha ubongo (yaani mlango unaopokea ujumbe wa kemikali) kinachoitwa NMDA na mtu mzima kabisa anaanza kuonyesha dalili zinazofanana na skizofrenia, kwa hiyo wakasema tukikichangamsha kipokezi hicho labda itakuwa kinyume chake. Cycloserine kwa dozi ndogo ya miligramu 50 inakichangamsha kidogo. Utafiti wa wagonjwa 157 uliochapishwa 2007 haukuona faida kwenye kufikiri. Na kwa dozi kubwa za TB dawa hiyo hiyo inajulikana kuwachanganya watu akili, waliofanya kazi wodi za TB wanaijua hiyo shida.

Taiwan wamejaribu kwa njia nyingine kwenye kipokezi hicho hicho, wakatumia sodiamu benzoeti, ndiyo, ile ile inayowekwa kwenye soda na tomato sosi isiharibike. Utafiti wa 2013 wa wagonjwa 52 ulionyesha nafuu kwenye dalili na kwenye kufikiri pia. Baada ya hapo tafiti zilizofuata zimechanganyika. Naiandika kwa sababu najua kuna mtu ataenda kuongeza soda nyumbani, tafadhali msifanye hivyo, dozi ya utafiti ilipimwa na wagonjwa walikuwa chini ya uangalizi, na sukari ya soda itamuumiza bure mtu ambaye dawa zake tayari zinaweza kumnenepesha.

Zipo nyingine nyingi, raloxifene ya mifupa ya akina mama, roflumilast ya mapafu, acetylcysteine ambayo hospitali tunaitumia mtu akinywa Panadol kupita kiasi, dawa za lehemu, metformin ya sukari. Baadhi zina dalili ndogo ndogo za matumaini. Hamna niliyoweza kusimama mbele ya mama yako nikasema hii nunua.

Iliyofika mbali ndo nataka tukae nayo, kwa sababu inaturudisha kwenye kadi ya kliniki ya mdogo wako.

Miaka ya 90 kampuni ya Eli Lilly ilikuwa na dawa inaitwa xanomeline, wakiitaka kwa ajili ya Alzheimer. Hii haiongezi asetilikolini, yenyewe inaenda moja kwa moja kuchangamsha vipokezi vyake vinavyoitwa M1 na M4. Wakagundua wazee waliokuwa wanasikia sauti na kuona vitu visivyokuwepo wakawa wanatulia. Ila ilikuwa inawatapisha watu na kuwaharisha mno, ikawekwa kabatini. Baadaye kampuni nyingine, Karuna, ikaja na wazo la kuichanganya na trospium, dawa ya zamani ya watu wanaobanwa na mkojo kila saa. Trospium inaziba vipokezi hivyo hivyo lakini inashindwa kupenya kuingia ubongoni, kwa hiyo tumbo linakingwa na ubongo unaachiwa xanomeline yake. Dawa mbili za zamani, kila moja na kazi yake nyingine kabisa! Septemba 2024 Marekani wakaipitisha kwa skizofrenia kwa jina la Cobenfy, dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ambayo haizibi dopamini moja kwa moja. Kwenye upande wa kufikiri, wagonjwa ambao walikuwa wamepungukiwa sana mwanzoni walionekana kupata nafuu kuliko wa kidonge kitupu, ila uchambuzi huo ulifanywa baada ya utafiti kuisha, haukuwa umepangwa tangu mwanzo, haujatosha kuisajili kwa kazi hiyo. Bei iliyotangazwa kule ni kama dola 1,850 kwa mwezi, kwa hiyo usinitumie meseji ya kuniuliza niipate wapi, kwa sasa si dawa yetu.

Nimeieleza kwa urefu kwa sababu ya hiki kipokezi cha M1. Ndo kinachotumika sana ubongo ukijifunza kitu kipya na kukihifadhi. Wataalamu wa Australia walichunguza ubongo wa watu waliofariki wakiwa na skizofrenia wakakuta karibu robo yao vipokezi vya M1 vimepungua kwa kama asilimia 75. Dunia sasa inatumia mabilioni kutafuta namna ya kuvichangamsha vichache vilivyobaki. Na Artane, dada yangu, kazi yake ni kuviziba.

Artane kwa jina la kitaalamu ni benzhexol, wengine wanaiita trihexyphenidyl. Phenergan nayo inaziba humo humo. Kwa hiyo mdogo wako asubuhi anazibwa, jioni anazibwa, usiku anazibwa tena, halafu tumnunulie donepezil ya kuongeza asetilikolini? Ni kufungua bomba huku umesimama juu ya mpira wa maji. Hela inaenda, kichwa kiko pale pale.

Si kwamba waliompa Artane walikosea, naomba usiende kliniki kugombana. Modecate na Haldol, dawa nyingine ya aina hiyo, zinaweza kumkakamaza mtu, mikono inatetemeka, shingo inapinda, ulimi unavuta, macho yanageuka juu, ukiwahi kuona hali hiyo unaelewa kwa nini wanampa mapema. Hali hiyo mara nyingi inakuja siku na wiki za mwanzo. Tatizo letu ni kwamba Artane ikishaandikwa haifutwi. Kila mwezi anayechoma sindano ananakili mstari wa mwezi uliopita, kadi inajaa, inaanzishwa kadi mpya, mstari unahamia huko, miaka mitano inapita hamna aliyeuliza bado inahitajika? Shirika la Afya Duniani linashauri dawa hizi zisitolewe kwa kila mtu kama kinga, zitumike kwa muda mfupi pale ambapo kukakamaa ni kukubwa na kupunguza dozi au kubadilisha dawa kuu kumeshindikana. Wagonjwa wengi waliotulia wakipunguziwa taratibu hawakakamai tena.

Na madhara yake kwenye kufikiri yamepimwa. Utafiti wa Marekani wa 2021 uliangalia wagonjwa 1,120 wa skizofrenia, wakajumlisha mzigo wote wa dawa za aina hii anazokunywa kila mmoja, na kadiri mzigo ulivyokuwa mkubwa ndivyo uwezo wa kufikiri ulivyokuwa chini, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamebeba kiwango ambacho kwa wazee tayari kinahusishwa na kupungukiwa akili. Utafiti wa namna hiyo peke yake hauthibitishi kwamba dawa ndo chanzo, labda aliyezidiwa ndo alipewa nyingi, nakubali. Lakini zipo tafiti ndogo zilizopunguza au kuondoa dawa hizo na kumbukumbu ikapanda, tena njia inavyofanya kazi inaeleweka kabisa. Mimi hapa sina mashaka.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku ya sindano nenda naye wewe mwenyewe, beba dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na Piriton ya mafua na vidonge vyovyote vya usingizi au vya mawazo anavyopewa na mtu mwingine, amitriptyline kwa mfano nayo imo kwenye kundi hili. Mwambie daktari kwa upole, "dokta, sauti zimetulia muda sasa, hakakamai, ila kumbukumbu imekuwa mbaya sana, tunaweza kuangalia kama Artane na Phenergan bado anazihitaji?" Maneno hayo hayo. Hamna daktari mzuri atakayechukia swali hilo. Kama anayechoma sindano si daktari, omba kuonana na daktari, hata kama ni kusubiri.

Ila msiziache wenyewe nyumbani, hasa msikate Artane ghafla. Ikikatwa siku moja mtu anaweza kukosa usingizi, kutapika, kuhangaika, na kukakamaa kukarudi kwa nguvu, familia ikadhani ugonjwa umerudi. Inashushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na Phenergan isiguswe wiki ile ile, moja kwanza ndo nyingine ifuate, vinginevyo hamtajua kipi kimefanya nini. Akionekana anaanza kukakamaa, daktari anaweza kupunguza Modecate yenyewe au kumhamishia kwenye risperidone kwa dozi ya chini, hayo ni maamuzi yake baada ya kumwona. Olanzapine watu wanaipenda ila nayo inaziba M1 kwa kiasi fulani na inanenepesha, ulizeni.

Hapo hapo ombeni apimwe sukari, presha na uzito, damu, HIV kama hajapima karibuni. Sukari na unene kwa wagonjwa hawa vinaenda pamoja na kufikiri kubaya zaidi, na hapa ndo metformin inaweza kuwa na kazi ya kweli kama dawa zimemnenepesha, kwa ajili ya uzito na sukari, kumbukumbu ikinufaika ni nyongeza. Muulize pia kwa utaratibu kuhusu bangi na pombe, bila kumfokea. Na mwangalie kama ana huzuni, maana mtu mwenye sonona naye hakumbuki.

Jambo lingine lenye ushahidi kuliko hivyo vidonge vyote vya mtandaoni ni mazoezi ya mwili ya kutoa jasho, mara kadhaa kwa wiki, na mazoezi ya akili yanayofanywa kwa mpango pamoja na mtu wa kumwelekeza. Nikisema mpango sina maana ya gemu za simu peke yake. Mpe orodha ya vitu viwili aiandike kwa mkono wake, aende bila kuisoma, afungue karatasi akifika dukani ajisahihishe, wiki ijayo vitatu. Asome aya moja, afunge kitabu, akuambie kwa maneno yake, ndo aende ya pili. Maagizo mpe moja moja, kwa utulivu, na umuulize "umesema utaanza na nini?" badala ya "umesikia?" Alamu za simu kwa kila kitu. Akishindwa usimcheke mbele ya watu, hasa watoto, ile aibu inamfanya aache kabisa kujaribu.

Chuo kama anataka kurudi, mwende ofisi inayoshughulikia wanafunzi na barua ya daktari, muombe apunguziwe masomo kwa muhula au aongezewe muda wa mtihani. Ila msirudi muhula huu ambao dawa zinabadilishwa.

Kabla Artane haijaguswa chukua daftari, siku tatu tofauti msomee maneno 10 ya kawaida, andika amekumbuka mangapi. Kila ukipima tumia maneno mengine, maana yale yale atayazoea kama wale wa donepezil. Rudia baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu. Andika na mikono inatetemeka au la, usingizi saa ngapi, sauti zimerudi au la. Sauti zikirudi, au akianza kukwepa chakula chenu akidhani kimewekwa kitu, mrudisheni kliniki siku hiyo hiyo, msisubiri tarehe ya sindano. Hilo daftari mpe daktari alisome, litamsaidia kuamua dozi kuliko mimi niliye mbali.